Waacheni wazee wa Kolo na mwamba wao

Juzi nimesikia maneno yakanichoma. Msomi mmoja alisema michoro ya kale ya mwambani ya Kolo, kule Kondoa, itasalimika siku wanakijiji watakapopigwa marufuku kufika mwambani, kwa kuwa matambiko yao, na pombe wanayoirushia mwamba, yanaharibu urithi wa dunia. Waliomsikiliza wakaitikia.

Nauliza: nani aliitunza michoro hiyo kabla UNESCO hawajaiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006? Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipokwenda kuinakili mwaka 1951 aliikuta ipo. Na Warangi, wenyeji wa Kolo wa leo, si wao walioichora! Ile myekundu, ya kale zaidi, watafiti wengi wanaihusisha na mababu wa Wasandawe. Warangi wakaupokea mlima wakiukuta na picha za watu wengine, wakapafanya Mungumi wa Kolo, penye mwamba wenyewe, pawe mahali pa kuombea mvua na kutibu wagonjwa. Mahali pa namna hiyo hapachezewi. Hata UNESCO wamezihesabu mila hizo kuwa sehemu ya thamani ya eneo. Leo sisi ndio tuzione uchafu?

Nenda ukajionee. Kutoka Kolo ni kama kilomita 9 za vumbi, halafu unapanda kwa miguu. Chini ya mwamba wamesimama watu watano wembamba wa rangi nyekundu. Wa katikati anaonekana mwanamke, ameshikwa mikono huku na huku. Wapo wanaosema anatekwa, wapo wanaosema ni ngoma. Mimi nilisimama pale mpaka shingo ikauma.

Haya, nakubali: pombe ikirushiwa ukutani rangi inaumia. Basi wazee waitwe, mkae nao, mkubaliane ukuta upi usiguswe. Wa kupelekwa mahakamani ni wanaochimbua sakafu za mapango wakisaka mali inayosemwa ilifichwa na Wajerumani.

Halafu kuna vijiji vya jirani. Pahi wana michoro ya Lusangi, Haubi wana ziwa lao, lakini mgeni anashushwa Kolo, anapiga picha, anarudi barabarani. Lami ya Dodoma hadi Babati imeleta magari mengi, na mengi yanapita tu. Mgeni alale Pahi, ale ugali wa uwele, alipe kijijini.

Na kikao kijacho cha kujadili michoro kifanyike Kolo kwenyewe, wazee wa matambiko wakiwa wa kwanza kupewa nafasi ya kusema.