Je, pesa za serikali zimfuate mtoto hadi shule ya mabati?

Kuna mama anayeuza sukuma wiki karibu na steji ninapopandia matatu, upande wa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Ana watoto wawili, mvulana wa gredi ya sita na msichana wa gredi ya pili, na wote wanasoma katika shule ya vyumba vya mabati iliyobanwa katikati ya nyumba za kupanga. Karo hulipwa kila mwezi. Akichelewa, watoto hurudishwa nyumbani. Juzi akinikatia mboga aliniuliza, "Hizi pesa za elimu ya bure wanazotaja kwa redio kila siku, za watoto wangu huenda wapi?"

Jibu fupi ni kwamba haziendi popote kwa sababu hazitoki. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure Januari 2003, serikali hutenga fedha kwa kila mwanafunzi aliye katika shule ya umma. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 1,420 kwa mwaka katika shule ya msingi, 15,042 katika sekondari msingi (gredi ya saba hadi ya tisa) na 22,244 katika sekondari. Mtoto wa shule ya mabati hahesabiwi. Shule yake inaweza kuwa imesajiliwa kwa utaratibu wa APBET, ambao Wizara ya Elimu iliutengeneza kwa masharti mepesi ya ardhi na majengo kwa ajili ya mitaa kama hii, lakini bado haimo katika orodha ya shule za umma. Kwa hiyo mtoto hapati mgao, hapati vitabu ambavyo serikali imekuwa ikivipeleka moja kwa moja shuleni tangu 2018, wala haletewi mwalimu wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Hata chakula cha Dishi na County, mpango alioanzisha Gavana wa Nairobi Johnson Sakaja mwaka 2023 ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani, kilianza kwa shule za msingi za umma na vituo vya chekechea vya kaunti.

Je, pesa hizo zimfuate mtoto popote anaposoma, au zibaki katika shule ya umma? Nimelipima jambo hili kwa muda mrefu na nina upande ninaouegemea. Hata hivyo, wanaopinga wana hoja nzito kuliko tunavyokubali sisi tunaoishi karibu na mitaa hii.

Kwanza, watoto walifikaje huko? Wasioijua Mukuru hudhani mzazi ameidharau shule ya bure. Ukiitazama ramani utaelewa. Mitaa ya mabanda ilikua bila kupangiwa shule kwa kuwa kwa miongo mingi haikutambuliwa kuwa makazi ya kudumu. Mtaa ulijaa watu kwanza, na shule za umma zikabaki pembezoni, nyingine ng'ambo ya reli au ng'ambo ya barabara ya Enterprise ambako malori ya viwandani hayapumziki. Mtoto wa miaka 6 hawezi kutumwa kuvuka hapo peke yake, na mama yake saa kumi na moja alfajiri yuko soko la Marikiti akichagua mboga. Shule ya mabati iko mlangoni. Inampokea mtoto kabla ya jua kuchomoza na kukaa naye hadi jioni.

Halafu kuna suala la nafasi. Shule ya msingi ya Olympic, pale Kibera, ilisifika nchini kwa matokeo ya mtihani. Elimu ya bure ilipoingia, madarasa yake yakafurika na baadhi ya wazazi wakawatoa watoto wao. Na bure yenyewe ina bei yake: sare, pesa za mitihani ya ndani, mchango wa mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa sababu wa TSC hawatoshi. Mzazi akijumlisha hayo yote na nauli, tofauti kati ya shule ya bure na shule ya kulipia inakuwa ndogo sana.

Sheria nayo haijamwachia mzazi huyu nafasi ya kupumua. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Katiba inaporuhusu haki fulani zitimizwe hatua kwa hatua, inataja zile za kifungu cha 43. Haki za mtoto katika kifungu cha 53 haikuzitaja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja. Serikali imemlazimisha mama ampeleke mtoto shule, na pale anapoishi haijamjengea shule. Wanaotaka pesa zimfuate mtoto husimama hapa, nami nasimama nao: haki ni ya mtoto, haijaandikwa kuwa ya jengo.

Sasa upande wa pili.

Shule nyingi za mabati zina mwenyewe. Baadhi ni za makanisa, nyingine zilianzishwa na walimu waliokosa ajira wakaona watoto wanazurura, na nyingine ni biashara wazi. Kampuni ya Bridge International Academies ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru kwa Njenga mwaka 2009, na kwa miaka mingi iligombana na serikali na chama cha walimu kuhusu usajili na sifa za walimu wake. Ukimtumia mwenye shule pesa za umma, hakuna kinachomzuia kuziongeza juu ya karo ileile. Anaweza pia kufunga shule mwezi ujao, chumba akakipangisha.

Kuna usalama. Asubuhi ya Septemba 23, 2019, darasa la ghorofa liliporomoka katika shule moja ya Ng'ando, Dagoretti, likawaua watoto. Baada ya hapo Waziri wa Elimu George Magoha aliamuru shule zenye majengo hatari zifungwe. Anayepinga huuliza: serikali ikianza kulipa, si itakuwa imetia sahihi kuta hizo? Ni swali la haki, na mzazi yeyote wa Ng'ando ana haki ya kulisikia likijibiwa.

Kuna wizi. Mwishoni mwa 2009 Uingereza ilisimamisha msaada wake kwa elimu yetu baada ya fedha za elimu ya bure kufujwa. Mwaka 2025 tulirudi palepale: ukaguzi wa hesabu ulikuta wanafunzi hewa, na shule zilizopokea fedha huku mahali zilipo hapajulikani. Kama hali ni hiyo katika shule zenye lango na kibao barabarani, itakuwaje katika shule iliyo ndani ya kichochoro ambayo mkaguzi lazima aongozwe na mtoto ili aifikie?

Na kuna uhaba wenyewe. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu tena kulipa shilingi 22,244 zote kwa mwanafunzi wa sekondari. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alionyesha kwamba kwa miaka 4 shule za umma zilipunjwa zaidi ya shilingi bilioni 100. Walimu wakuu wanadaiwa na wauza vyakula na kampuni za maji. Kuongeza watoto wengine kwenye hesabu hiyo, wanasema, ni kuukata ugali uleule vipande vidogo zaidi.

Hoja hii ya uhaba ndiyo husikika zaidi, na ndiyo inayonishawishi kidogo kuliko zote. Mtoto wa Mukuru hajaongezwa leo. Ni wa Kenya tangu siku aliyozaliwa. Mama yake akimhamishia shule ya umma kesho, serikali itakuwa na deni la zile 1,420, juu yake deski, choo, na sehemu ya mshahara wa mwalimu. Asipomhamisha, gharama hiyo yote anaibeba yeye. Muuza mboga wa Reuben, mfua nguo wa Kwa Njenga, kibarua wa mjengo anayelala Mathare, hao ndio wanaoikopesha Hazina Kuu, na mkopo huo hauandikwi popote. Watoto wote wa shule za mabati za Nairobi wakitokea kwenye milango ya shule za umma Jumatatu moja, mfumo mzima ungesimama kabla ya saa nne.

Tena tunabishania kiasi gani? Gawanya 1,420 kwa siku za masomo, hata ukizihesabu kuwa 180 tu, hupati shilingi 8 kwa siku.

Wizi ni hoja nzito zaidi, lakini nadhani unatuonyesha jambo jingine. Wanafunzi hewa walikaa kwenye orodha za serikali kwa sababu hakuna aliyekwenda kuhesabu vichwa. Kwa muda mrefu, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alishindwa kuingia kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, hata akiwa shule ya umma, na mgao wake haukuja. Kwa hiyo tumelipia watoto ambao hawapo, na tumewaruka watoto tunaopishana nao kila asubuhi wakiwa na mabegi mgongoni. Hesabu inayofanywa mlango kwa mlango Mukuru ingesaidia pande zote mbili.

Kuhusu mwenye shule na kuta zake, nakubaliana na wanaopinga: asipewe fedha taslimu. Kinachofaa kimfuate mtoto ni kile kinachofika mkononi mwake. Vitabu vilipokuwa vikinunuliwa na shule kwa pesa za mgao, vingi viliishia kwenye risiti tu. Ndiyo maana serikali ikaanza kuvipeleka yenyewe 2018, na gari linalofika South B likiwa na katoni za vitabu linaweza kuingia Reuben. Chakula ni rahisi hata zaidi. Dishi na County hutumia bangili ambayo mtoto huigusisha kwenye kifaa akichukua sahani, na bangili imo mkononi mwake awe anasoma ndani ya kuta za mawe au za mabati. Mwalimu asiye na cheti apelekwe chuo wakati wa likizo kwa gharama ya umma, kwa sharti la kubaki darasani miaka kadhaa. Na kabla ya kijiko kimoja kuingia, mkaguzi wa majengo aingie.

Kaunti haiwezi kuyafanya haya peke yake. Katiba iliipa chekechea na vituo vya kulelea watoto. Shule ya msingi ni ya serikali kuu. Mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziambia kaunti kwamba haziwezi kuendelea kulipa basari za sekondari bila makubaliano ya maandishi na serikali kuu, na magavana wakaenda mahakamani. Makubaliano ya namna hiyo yanahitajika hapa pia, na yaandikwe kabla ya watoto kuzoeshwa sahani.

Imebaki hoja moja, na hii sina jibu lake kamili. Wanasema serikali ikianza kuhudumia shule za mabati haitajenga tena shule ya umma katika mitaa ya mabanda. Itakuwa imepata njia ya bei nafuu, na watoto wa maskini watabaki na elimu ya daraja la pili iliyobarikiwa rasmi. Naiogopa hoja hii kwa sababu naijua nchi yangu. Cha muda kwetu kina tabia ya kuota mizizi.

Chanzo cha kukosekana kwa shule za umma huku ni ardhi. Sehemu kubwa ya Mukuru iligawiwa watu binafsi zamani, na umma hauna kiwanja cha kujenga. Mwaka 2017 Mukuru ilitangazwa kuwa eneo maalum la mipango, wakazi wenyewe wakashiriki kuchora wapi pawe na barabara, maji na shule. Miaka minne baadaye, Oktoba 2021, tingatinga ziliingia Kwa Njenga na maelfu ya watu wakalala nje. Kibera nako, Julai 2018, shule zilibomolewa kupisha barabara, na watoto wakabaki bila darasa. Hata kiwanja chenye shule ya umma tayari si salama: Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi na polisi wakitetea uwanja wao wa kuchezea ulionyakuliwa.

Kwa hiyo sikubali vitabu na chakula vipelekwe peke yake. Viwe na mwisho, na mwisho huo ufungwe kwenye kiwanja: bajeti inayotenga pesa za sahani za Reuben iwe ndiyo hiyo inayotenga pesa za kununua ekari za shule ya umma Reuben, na mwaka wa kuifungua uandikwe. Mbunge akiniletea sahani bila kiwanja, nitaipokea kwa ajili ya mtoto, na nitamuuliza kiwanja kiko wapi kila atakapopita.

Januari mvulana wa yule mama atavuka barabara kwenda gredi ya saba katika shule ya umma. Jina lake likiingia kwenye orodha, serikali itaanza kumhesabia shilingi 15,042 kwa mwaka. Dada yake atabaki kwenye mabati, kwa gharama ya mama yao, hadi amalize gredi ya sita. Nilipopita tena nilimweleza hivyo. Alihesabu miaka kwa vidole, mmoja hadi minne, kisha akanipa chenji yangu na kumgeukia mteja aliyefuata.