Mpira hauachwi kwa mgeni, huachwa kwa mpenzi

Nikisikia mtu akisema VVU vinaenea kwa sababu ya uzembe, najua hajawahi kukaa na wapenzi wapya akawasikiliza. Wengi wao walianza na kinga vizuri tu: wiki ya kwanza, ya pili, pengine mwezi mzima. Kisha usiku mmoja pakiti imeisha na mmoja anauliza kwa sauti ya chini, "Kwani bado huniamini?"

Swali hilo ni zito kuliko ule utani kwamba kuvaa kondomu ni kula pipi na ganda lake. Wa pipi unaweza kumcheka, hata kumfukuza. Huyu wa kuaminiana amegusa mapenzi yenyewe: ukikataa, ama unamshuku yeye ama unajishuku wewe. Kupima je? Aa, si tunaaminiana!

Ndiyo maana naona mabango ya "tumia kondomu" yamefika mwisho wa uwezo wake. Yanamwagiza mtu mmoja jambo linaloamuliwa na wawili, tena mara nyingi yule mwenye sauti ndogo. Thailand walilielewa hili mapema. Mwaka 1989, katika mkoa wa Ratchaburi, kisha 1991 nchi nzima, madanguro yote yaliwekewa sharti moja: bila kondomu hakuna huduma. Mwanaume aliyekwenda kutibiwa ugonjwa wa zinaa aliulizwa ameutoa wapi, na danguro lililokaidi lingeweza kufungwa. Mwanamke hakuachwa abembelezane na mteja peke yake, maana mteja akihamia mlango wa pili alikuta sharti lilelile. Matumizi ya kondomu katika biashara hiyo yalikadiriwa kuwa 14% mwaka 1989. Kufikia 1993 yalikuwa yamepita 90%. Sidhani kama wanaume wa Thailand walipata hekima ghafla ndani ya miaka minne.

Chumbani kwa wapenzi, hata hivyo, hakuna wa kuweka sharti ila wao wenyewe. Nami naamini sharti liwekwe mchana, watu wakiwa wamevaa nguo: mpira tutauacha tukishapima wote wawili, kisha tukarudia baada ya miezi 3. Kurudia ni lazima, kwa sababu maambukizi mapya huweza kujificha kwenye kipimo cha haraka kwa wiki kadhaa. Sharti likiwekwa mapema namna hiyo halimtuhumu mtu, na lile swali la usiku linakuwa limeshajibiwa.

Na majibu yakitoka kwamba mmoja ana VVU? Wengi hukwepa kupima kwa kuogopa hapo tu, wakidhani ndio mwisho wa mapenzi. Utafiti wa PARTNER, uliotolewa 2016, ulifuatilia wapenzi ambao mmoja anaishi na VVU na dawa zimevifubaza. Walishiriki tendo bila kondomu mara zipatazo 58,000, na hakuna aliyeambukizwa na mwenzi wake. Mimi ningemwogopa zaidi asiyejua hali yake kuliko anayemeza dawa hizo, yaani ARV, kila siku na kipimo cha wingi wa virusi kinasoma "havionekani".

Kuna pia mtu ambaye mazungumzo ya mchana kwake ni ndoto. Akitaja mpira anapigwa, akitaja kupima anaulizwa amelala na nani. Huyo ana PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa, anayoimeza bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku hizi ipo hata sindano ya lenakapaviri, mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio lililotangazwa 2024, wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Haizuii mimba wala kaswende, sawa. Wanaolalamika kwamba itachochea umalaya walisema hivyohivyo kuhusu kondomu. Na kama jambo limeshatokea, ipo PEP, dawa ya siku 28 inayoanzwa kabla saa 72 hazijapita. Hiyo ni ya kukimbilia, si ya kusubiri kesho kutwa.

Rafiki yangu aliniuliza, "Sasa hayo mazungumzo ya mchana nayaanzaje?" Nikamwambia ajitaje yeye kwanza: Jumamosi nakwenda kupima, twende wote. Mwenzake alinuna siku mbili. Ya tatu akauliza, Jumamosi saa ngapi?