Mvuvi wa Lamu hana hati ya mshahara

Huku Hamburg bima ya afya hukatwa kabla sijauona mshahara. Kiwango cha msingi ni asilimia 14.6, nusu yangu na nusu ya mwajiri, na juu yake kuna nyongeza ya mfuko wa bima wenyewe. Si pesa kidogo, na Wajerumani hunung'unika kweli. Lakini nikilazwa hospitali natoa yuro 10 kwa siku, zisizozidi siku 28 kwa mwaka. Aliyepoteza kazi hulipiwa.

Kwetu Lamu bima ni sisi tulio nje. Mgonjwa akipewa rufaa ya Mombasa, hata kabla ya daktari kuna boti ya kuvukia Mokowe, bara, nauli ya gari, chakula na malazi ya anayemuuguza. Kundi la WhatsApp la ukoo linaanza: mchango, jamani, mchango. Mwenye mtoto Ulaya hutibiwa mapema. Asiye naye hungoja, na hilo ndilo linaloniudhi.

SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya Kenya, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, Oktoba 2024, aliyeajiriwa alianza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira huulizwa maswali, mapato ya nyumba yake yakakadiriwa, kisha hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo: shilingi 300 kwa mwezi kwa uchache, yaani 3,600. Zahanati ni bure ukishajisajili, sawa, na hilo ni jambo jema. Lakini upasuaji haufanywi zahanati. Mvuvi wa Kizingitini atazitoa wapi 3,600 kusi ikivuma na mashua ziko pwani? Tena katika maswali hayo aulizwe ukuta wa nyumba yake ni wa mawe au wa udongo! Lamu kuna majumba ya mawe ya urithi ambayo ndani yake watu wanakopa unga.

Wanaotuambia tuige Ujerumani wasisahau kwamba bima yao ilianza 1883 na wafanyakazi wenye ujira, na ikawa lazima kwa kila mkazi 2009. Thailand haikungoja hivyo. Mwaka 2002 wasio na ajira rasmi waliingizwa kwa pesa za kodi, mgonjwa akitoa bahti 30 tu akienda kutibiwa.

Mimi nasema Kenya ifanye vivyo hivyo. Na asiniambie mtu kwamba mvuvi atakuwa anatibiwa kwa jasho la wengine: kila akinunua petroli ya mashine, kodi ya VAT imo ndani ya bei.