Watu washibe kwanza au uchumi ukue kwanza?

Ubishi huu hauishi, wengine wanasema nchi ikitajirika watu watakula vizuri wenyewe, wengine wanasema bila lishe hamna wa kuujenga huo uchumi. Mimi niko zaidi na hawa wa pili.

Robert Fogel, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi 1993, alipiga hesabu za kalori Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 akakuta kama 20% ya watu, wale mafukara kabisa, walikula kidogo mno, yaani mwili ukishapumua, ukasukuma damu na kutunza joto lake, nguvu ya kazi nzito inabaki kidogo sana. Halafu matajiri wanawaita wavivu, kumbe njaa. Kwa makadirio yake lishe inabeba karibu 30% ya ukuaji wa kipato cha Muingereza 1790 mpaka 1980.

Guatemala nako, kuanzia 1969 watafiti waligawa uji wa protini vijiji viwili, vingine viwili vikapewa kinywaji cha sukari kisicho na protini. Wanaume walioupata ule uji kabla ya miaka 3 walikuja kulipwa kama 46% zaidi kwa saa ukubwani, walioanza baada ya hapo hawakuona tofauti (wanawake mishahara yao haikupanda hivyo, sijui soko la ajira liliwabania au vipi).

Sasa upande unaonipinga. Malthus, mchumi Muingereza, 1798 alisema chakula kikiongezeka watu wanazaana mpaka kiishe, na baiolojia inampa nguvu kidogo maana mwanamke akikosa chakula sana mayai yanaacha kupevuka, Uholanzi baada ya njaa ya 1944-45 idadi ya watoto wanaozaliwa ilishuka vibaya. Ila alichokosea ni kwamba watoto wakianza kupona wazazi nao wanapunguza kuzaa, tatizo inachukua muda, na katikati hapo idadi inafumuka na ajira hamna, hilo sio la kupuuza.

Na wa uchumi kwanza nawapa pointi moja, mtoto anayeharisha kila mara kwa maji machafu hata umlishe nini utumbo haunyonyi virutubisho vizuri, na mabomba na vyoo vinataka hela. Ila kusubiri utajiri ndo siwaelewi, mtoto ana kama siku 1,000 tu kutoka mimba mpaka miaka 2, akidumaa hapo uchumi ukija kupaa baada ya miaka 20 unamkuta ashakuwa mtu mzima na kurudisha alichopoteza ni ngumu mno.