Kulwa na Doto Wanataka Usafiri

Ukijaliwa mapacha huku kwetu Usukumani, jina halikuumizi kichwa. Aliyetangulia Kulwa, aliyefuata Doto, mambo yameisha. Na atakayezaliwa nyuma yao naye jina lake liko tayari, Shija, yupo kwenye foleni kabla hata mama yake hajapumua. Wazee walipanga kila kitu. Majina walituachia, matambiko walituachia, usafiri wakasema tutajijua wenyewe.

Mimi sasa naitwa Baba Kulwa, mtaa mzima. Doto kwa mujibu wa mtaa hana baba, amekuja kwa lifti ya mwenzake.

Tunakaa Igogo, hapa Mwanza, juu. Nikisema juu simaanishi juu kidogo. Jiji hili wenye hela zao wamejenga Capri Point, maji ya ziwa yanawafikia uani. Sisi wengine tumepanda mlimani, na huku kadiri unavyopanda ndivyo kodi inavyoshuka. Mimi nilipanda mpaka kodi ikanionea huruma. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu kuna ngazi za saruji alizozijenga mtu mwenye miguu mirefu, halafu kuna mwamba, halafu kuna mwamba mwingine ambao mwenye nyumba ameugeuza ukuta wa jiko, na kodi yake ananitoza. Wageni wanatoka nchi za mbali kuja kupiga picha Jiwe la Bismarck pale ziwani. Mimi la kwangu liko jikoni, masufuria yameegemea, na sijawahi kumwona mtalii hata mmoja akibisha hodi.

Sasa katika mazingira hayo ndipo Mama Kulwa akasema anataka kigari cha watoto. Cha kusukuma. Cha watu wawili.

Siwezi kusema hana hoja. Mtoto mmoja unamfunga mgongoni kwa kitenge, maisha yanaendelea, unachota maji, unabishana na muuza nyanya. Mapacha mmoja akiwa mgongoni mwingine anabaki kifuani, na hapo huna mkono wa kutoa nauli. Konda wa Hiace naye hana subira na mtu ambaye pochi iko chini ya Doto.

Aliyepinga ni mama mkwe. Anakaa Sengerema, na hapa naomba niseme jambo moja kuhusu maendeleo. Zamani kulikuwa na kivuko cha Kigongo na Busisi. Nakikumbuka kwa heshima. Mtu akitaka kuja Mwanza anafika pale, anakuta foleni ya magari, anapigwa jua, anakula muwa, na wengine moyo ulikuwa unawatoka wanarudi nyumbani. Juni 2025 likafunguliwa daraja, kilomita 3 juu ya maji, na mimi nikapiga makofi nikiwa nimekaa kwenye kochi langu, sijui nashangilia nini. Sasa hivi mama anavuka kwa dakika chache. Anapiga simu kusema anafikiria kuja, nami nasikia simu inaita mara mbili, sikioni na nje ya mlango.

"Kigari cha nini, baba?" akaniuliza. "Mimi nimelea tisa. Wote mgongoni."

"Mama, hao walikuja mmoja mmoja."

"Na pamba nilichuma."

Hapo utajibu nini? Pamba ikishaingia kwenye mazungumzo na wazee wa huku, wewe nyamaza ule ugali wako.

Basi nikachukua futikamba, nikaanza utafiti. Nimekuja kujua kwamba vigari vya watoto wawili ni koo mbili, na hazioani. Kuna vya ubavu kwa ubavu, watoto wanakaa wameambatana, na kuna vya mbele na nyuma, mmoja anatangulia mwingine anamtazama kisogo. Vya ubavu vina upana wa sentimita 75 hivi na kuendelea. Mlango wangu nikaupima: 68. Fundi aliyeujenga alikuwa mwembamba, akadhani na wapangaji watakuwa hivyohivyo. Kitanda chenyewe tulikiingiza vipande vipande. Friji iko sebuleni kwa sababu sebuleni ndipo ilipokwama.

Nikajisemea, basi cha mbele na nyuma. Nikaenda mjini, kwenye duka moja lenye vitu vya watoto vilivyotumika Ulaya, nikapitia kwanza Mwaloni pale Kirumba kuchukua sato wawili kwa ajili ya jioni. Mkononi nina sato, na kwenye begi nimebeba watoto. Siyo Kulwa na Doto wenyewe. Kadi ya kliniki inasema kila mmoja anakaribia kilo 6, kwa hiyo nilibeba viroba viwili vya sembe vya kilo 5, na juu ya kila kiroba pakiti ya sukari ya kilo 1, ndiyo kichwa. Mimi sinunui kitu cha pesa nyingi kwa kukitazama.

Kijana wa dukani akanitolea kigari chekundu. Laki tatu na nusu. Nikainama kukikagua, nikakuta kwenye kona ya siti makombo ya biskuti, makavu, yamejibana kwenye mshono. Nikamwonyesha. Hakutikisika.

"Umeona, bosi? Hiyo ndiyo dalili kwamba ni orijino. Mtoto wa Uingereza amekikalia huyo."

Tukaweka sembe mbele, sembe nyuma. Mikanda ni ya kufunga sehemu tano, miwili mabegani, miwili kiunoni, na mmoja unapita katikati ya miguu. Kiroba hakina miguu, kijana akapitisha hivyohivyo. Nikauliza siti zinalalaje, maana nesi wa kliniki alituambia waziwazi: mtoto ambaye shingo na mgongo havijakaza, mpaka miezi sita hivi, usimkalishe, mlaze chali pawe tambarare. Kijana akavuta kamba, siti moja ikalala vizuri kabisa. Akavuta ya pili, ikainama kidogo tu ikagoma.

"Hiyo ya pili ni ya yule mkubwa, bosi."

"Mkubwa yupi? Wamepishana dakika ishirini."

Aliyekitengeneza, kumbe, alimfikiria mtu mwenye mtoto wa miaka miwili na mdogo wake mchanga. Uzazi wa mpango umeingia hadi kwenye vigari! Kama hukupanga, siti ya pili hailali, mmoja wa watoto wako atakaa wima kama mwenyekiti wa kijiji.

Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikataka kukisukuma. Mkono wa sato umechoka, nikautundika mfuko kwenye mpini. Nikakizungusha dukani, kikaenda vizuri, nikasimama, nikafungua mikanda ya mbele nimtoe Kulwa. Nilipomnyanyua tu, sembe ya mbele ikiwa kifuani kwangu, kigari kikanyanyua magurudumu ya mbele juu, kikaenda kichalichali. Doto akabaki miguu juu, yaani kama angekuwa nayo, sukari ikamtoka kichwani, na sato wakateleza sakafuni, mmoja hadi chini ya meza ya mhasibu. Wateja wote wakageuka. Mama mmoja mjamzito akashika tumbo lake akatoka nje.

Kijana akakiinua, akakipangusa, akasema kwa utulivu mkubwa, "Bosi, kigari hakina tatizo. Tatizo ni samaki."

Akanifundisha: mzigo hautundikwi kwenye mpini, unakaa kwenye kapu la chini, uzito ubaki katikati ya magurudumu. Sawa. Nikainama kutafuta hilo kapu. Lipo, lakini siti ya nyuma ikiwa imelala hata mkono haupenyi. Ili uweke sato lazima umwamshe Doto. Ili umwamshe Doto lazima uwe mtu usiyeipenda nafsi yako.

Kuna vile vingine vyepesi vya kukunja, bei yake rafiki, magurudumu madogo ya plastiki. Hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoishi juu ya marumaru. Gurudumu lile likikutana na kokoto ya Igogo linasimama hapohapo, mtoto anapiga saluti. Kwa huku kwetu unataka gurudumu kubwa la kujaza upepo. Lina pancha, ndiyo, lakini Mwanza mtu wa kuziba pancha humtafuti, unamkanyaga. Na vile vya magurudumu matatu ya upepo vina kitu kimoja nilichokipenda sana: ukanda wa kuvaa mkononi, ili mpini ukikuponyoka kigari kisianze safari peke yake. Muuzaji akaniambia hiyo ni kwa wale Wazungu wanaosukuma mtoto huku wanakimbia mazoezi. Nikamwambia kaka, mimi natoka Igogo. Kwetu kila kitu kinakimbia. Chungwa likikuponyoka unaliaga, utakutana nalo sokoni.

Uzito sasa. Kigari cha watoto wawili kikiwa kitupu kinaweza kufika kilo 14 au 15. Ongeza Kulwa, ongeza Doto, ongeza nepi, chupa, na ule mwavuli ambao mama mkwe hakubali tutoke bila huo. Halafu nitazame mimi, halafu zitazame zile ngazi. Nilileta hesabu hii mezani, nikiwa na futikamba shingoni, nikamweleza mke wangu kila kipengele: cha ubavu kinalaza watoto wote wawili lakini mlango hakiingii, cha mbele na nyuma mlango kinaingia lakini Doto halali, na vyote viwili ngazi havipandi. Nikamaliza. Nikangoja anipe pole.

Mama Kulwa alikuwa ananyonyesha. Hakuinua hata uso.

"Kwani nani amesema kigari kiingie ndani?"

Unaona mambo ninayopitia.

Basi tukanunua cha ubavu kwa ubavu, magurudumu matatu ya upepo, kutoka kwa mtu anayehama jijini, laki mbili na themanini, akatuongezea na pampu. Watoto wanashuka mlima mgongoni na kifuani, kizamani, kigari kinawasubiri chini barabarani, kwenye duka la Mangi. Siku ya kukileta nilikisukuma kitupu kupita kijiwe cha bodaboda. Wakanyamaza kwanza. Halafu mmoja akasema, "Jamani, Msukuma leo kapata cha kusukuma!" Wiki nzima sikupita njia ile.

Jumapili tunatoka. Tunaelekea Capri Point, ambako barabara imetulia na upepo wa ziwa unapiga vizuri, mke wangu anapiga picha. Kufika huko ndiyo shughuli. Njia ya waenda kwa miguu ipo, ila ameitandikia muuza viatu, mbele yake muuza vifuniko vya simu, na panapobaki wazi pikipiki inapita. Kigari cha ubavu hakijui kupita upande upande. Inabidi niombe njia, na kila nikiomba njia napewa ushauri. Mmoja ananiuliza kimeingia na meli? Mwingine anasema watoto wanabanana. Wa tatu anataka nimwambie yupi ni Kulwa, nikimwambia anabisha. Kiumbe pekee asiyetoa maoni katika jiji hili ni lile ndege kubwa, korongo wa jalalani, anayetembea pembeni yetu taratibu amefunga mikono nyuma, na hata huyo nadhani anajizuia tu.

Mama mkwe naye, baada ya maneno yote yale, sasa ndiye anayesukuma. Ila anakifunika kigari chote kwa kanga kuanzia juu hadi chini, kwa ajili ya macho ya watu. Nesi alisema msifunike, hewa haipiti na joto linapanda humo ndani haraka kuliko mnavyodhani, kinatosha kivuli cha kofia yake. Nani amwambie mama? Mke wangu anaifunua akigeuka huku, mama anaifunika akigeuka kule. Kulwa na Doto wanaona mchana na usiku mara kumi kabla hatujafika ziwani.

Lakini hilo nimelizoea. Ninachotaka kulalamikia hasa ni Mangi. Tulikubaliana elfu tano kwa mwezi, kigari kikae kona ya ndani, kifunikwe. Mwezi wa kwanza kikakaa ndani. Wa pili nikakikuta nje ya duka, breki imekanyagwa vizuri kabisa, siti zote mbili zimelazwa tambarare kama nesi alivyoagiza, na kwenye kila siti trei mbili za mayai zimefungwa mikanda. Nikamuuliza Mangi hiki ni nini. Akasema nisiwe na wasiwasi, hajawahi kupata kigari kinachotulia kiasi hiki, tangu ayaweke humo hakuna yai lililopasuka, na wateja wanasimama kukitazama kisha wananunua.

Nikadai basi elfu tano yangu ife. Akasema hiyo ni ya ulinzi.

Jumapili iliyopita tumeshuka, mama mkwe na Kulwa mgongoni, mke wangu na Doto, mimi na pampu. Nikashika mpini, nikaondoa breki. Mangi akatoka mbio na kalamu sikioni.

"Baba Kulwa, subiri kwanza, usisukume. Kuna mteja anachagua."