Siku zako za mwanzo Guangzhou usimkabidhi mwenyeji

Wiki iliyopita kwenye kundi letu la wafanyabiashara ilizunguka sauti ya kaka mmoja akionya kwamba mtu, hasa mwanamke, asithubutu kushuka Guangzhou, China, bila mwenyeji wa kumpokea. Utapotea, utaibiwa, utalala njaa. Niliisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wake ulikuwa namba yake ya simu na bei ya kumpokea mgeni. Iliniuma. Nawajua wadogo zangu wa Kariakoo walioahirisha safari kwa maneno ya namna hii, na nawajua waliokwenda wakarudi na mzigo ambao wangeupata Kariakoo hiyohiyo kwa bei ileile.

Msimamo wangu ni huu: siku zako za mwanzo Guangzhou zitumie peke yako, kabla hujanunua hata pea moja ya viatu. Mwenyeji atafuata baadaye, ukishajua unamhitaji kwa kazi gani.

Tazama anavyoishi mgeni aliyepokelewa. Anatolewa uwanja wa ndege kwa gari, anapelekwa hoteli aliyochaguliwa, asubuhi anafuatwa, anaingizwa kwenye maduka aliyochaguliwa, jioni anarudishwa. Kila mlango aliopitishwa unaweza kuwa na cha juu cha mwenyeji, na mgeni hana njia ya kukijua. Hajui duka liko mtaa gani. Hajui kama jengo la jirani linauza mabegi yaleyale. Safari ya pili anampigia mtu yuleyule, na ya tatu, kwa sababu mji bado haujui. Huyo amefika China kwa paspoti tu, na hasara yake haionekani kwa siku moja. Inakaa ndani ya bei ya kila kitu atakachonunua miaka yote.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba mji wenyewe hauna ugumu huo unaosemwa. Ukishuka uwanja wa ndege wa Baiyun, metro, yaani treni za mjini, iko hapohapo. Panda njia namba 3 mpaka Jiahewanggang, badili uingie namba 2, utaipita Sanyuanli, shuka Guangzhou Railway Station, chukua namba 5 kituo kimoja tu, uko Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi. Nauli yote haifiki yuan 10. Majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi tunazozisoma, kila njia ina rangi yake, na matangazo yanatolewa kwa Kiingereza baada ya lugha zao. Mlangoni mkoba unapita kwenye mashine, na kama una chupa ya maji unaweza kuambiwa unywe kidogo wakuone. Usiogope, ndivyo wanavyofanyiwa wote. Angalia saa tu usiku: treni za mwisho ni karibu na saa 5.

Wageni wengi wanapotea wakati wa kutoka. Kituo kikubwa kina milango mingi, na kila mmoja una herufi yake. Ukitokea usiotakiwa, unajikuta ukingoni mwa barabara pana yenye uzio katikati, duka unaloliendea unaliona ng'ambo kwa macho yako, na huwezi kuvuka. Itabidi utafute daraja la waenda kwa miguu, au urudi chini na kupanda upande mwingine. Kwa hiyo anwani yoyote unayopewa, uliza na herufi ya mlango. Siku moja ya kupanda na kushuka bila kununua kitu inatosha kukuzoesha jambo hili, na hakuna mwenyeji atakayekufundisha, maana yeye anakuja na gari.

Ramani ya Google nayo iache. Sheria ya China inalazimisha ramani zitumie vipimo vyao, ndiyo maana alama ya mahali ulipo inaweza kuruka mamia ya mita. Pakua Amap, wanayoitumia wenyewe. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya kule, ila laini ya nyumbani iliyofunguliwa kwa matumizi ya nje inapita. Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, iunganishe na kadi yako ya benki ungali nyumbani: malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya kadi ya kigeni, yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Piga picha jina la hoteli lililoandikwa Kichina. Paspoti itembee nawe, ni sheria. Ukifikia kwenye nyumba ya mtu badala ya hoteli, mna saa 24 za kuripoti polisi.

Chakula je? Hilo la kulala njaa ndilo lililonishangaza kuliko yote. Xiaobei imejaa Waafrika, Waarabu na Wahui, Waislamu wa Kichina. Kwenye mgahawa wa tambi wa Wahui utamwona kijana anaukanda unga, anaupiga mezani pah, anauvuta mikono yote miwili, anaukunja, anauvuta tena, mpaka donge moja limekuwa nyuzi nyembamba zinazoingia kwenye sufuria ya mchuzi wa ng'ombe. Picha za vyakula ziko ukutani na bei zake. Unanyoosha kidole. Na Ijumaa nenda msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu, ambako inasimuliwa kuna kaburi la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume Muhammad. Nje wanauza nyama choma na mikate, na utasikia Kiswahili kabla hujavaa viatu vyako. Hapo ndipo pa kuuliza maswali ya biashara, kwa watu wasiokudai kitu.

Halafu zunguka masoko mikono mitupu. Nguo ni Baima, karibu na stesheni ya reli. Ngozi na mabegi ni upande wa Guihuagang. Vitambaa ni Zhongda, kule ng'ambo ya mto. Muuzaji ataandika bei kwenye kalkuleta na kukugeuzia, nawe utaandika yako. Uliza kitu kilekile ghorofa tatu tofauti, andika kwenye daftari. Daftari hilo ndilo litakalokulinda mwenyeji atakapokuja kukutajia bei.

Nakubali, kuna kazi ambazo peke yako hutaziweza. Kwenda kiwandani, kukagua mzigo kabla haujafungwa, kuuchanganya kwenye kontena la wenzako, makaratasi: hapo lipa mtu, tena mlipe vizuri. Nakubali pia kwamba mji huu haukutupenda sikuzote. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walitolewa kwenye nyumba na hoteli Guangzhou, wengine wakalala barabarani. Sisahau, na simwambii mtu asahau. Lakini hata siku kama hizo, afadhali uwe unajua njia ya kwenda ubalozi mdogo wa nchi yako au stesheni bila kumsubiri mtu apokee simu.

Binti ya dada yangu ameniuliza aende Oktoba na mwenyeji gani. Nimemwambia Oktoba aiache, kama Aprili, kwa sababu ya maonyesho makubwa ya biashara ya Canton Fair kule Pazhou: hoteli zinapanda bei na vyumba vinagombaniwa. Aende kati ya misimu hiyo, achukue chumba karibu na njia namba 2 au 5, atembee. Akishalijaza daftari lake ndipo nitampa namba ya ajenti ninayemwamini, na kazi ya ajenti huyo itakuwa kontena peke yake, kwa ada iliyoandikwa kabla mzigo haujaguswa.