Kitambulisho Mkunguni

Umekaa uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, askari anakujia: lete kitambulisho. Je, ni lazima utoe kwa kuwa tu umekaa kwenye mali ya serikali? Wengi hapa hujibu haraka: kama huna unalolificha, waogopani?

Jibu hilo lina uzito wake. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji jirani, na Msitu wa Boni, maficho ya al-Shabaab, hauko mbali. Askari anayetazama nyuso ngeni anatulinda sote, nami namshukuru.

Lakini "mali ya serikali" si kitu kimoja. Eneo lililotangazwa chini ya Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa, Sura ya 204, huingii ila kwa idhini. Mkunguni ni baraza ya mji. Pale mwenye kumzuia mtu ndiye adaiwaye sababu: Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kutembea, na cha 49 kinamtaka anayekamata aeleze upesi kwa nini, kwa lugha ambayo mtu anaielewa. Kumiliki uwanja si sababu.

Na wanaoumia ni kina nani? Mimi mwenye kadi mfukoni naionyesha, nakwenda zangu. Mvuvi huiacha nyumbani isilowe maji ya chumvi. Barobaro wa Kibajuni kutoka Faza au Kiunga huenda hana kabisa, ana kikaratasi cha kungojea tu. Miaka mingi Wabajuni, watu wa karibu na mpaka wa Somalia, wamepigwa msasa kabla ya kupewa kadi, wakitakiwa vyeti vya wazazi, hata vya mababu. Februari 2025 ndipo Rais Ruto alipotangaza kuufuta msasa huo. Basi serikali iliyomcheleweshea kadi ndiyo hiyo hiyo inayomdai kadi uwanjani! Akilala ndani usiku mmoja, maji hayamngoji. Wenzake wametoka na mashua, mafuta yalikopwa, na deni liko pale pale.

Sisemi mtu amjibu askari kwa ukali. Wanangu nawaambia: mwenye kadi aitoe kwa adabu, kisha aulize sababu. Asiye nayo aseme jina lake, la babake na mtaa wake. Askari anayetaka kweli kumjua atamwendea mzee wa mtaa, na kwa Lamu hiyo ni hatua chache tu.